Ligi ambayo wa mwisho huchagua kwanza: uzi wa NFL, pesa zake na kisa cha Detroit

#1 Kaka Michigan (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Humu nimeona watu wakiuliza mara nyingi: hii ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, inakuwaje kila mwaka majina ya juu yanabadilika? Timu iliyokuwa ikipigwa na kila mtu juzi, leo iko mechi moja kabla ya Super Bowl, yaani fainali ya ligi. Nimeahidi kuandika mara mbili nikashindwa. Leo niko mapumziko, wekeni chai karibu.

Nianze na usiku mmoja. Jumapili tarehe 14 Januari 2024, hapa Grand Rapids, Michigan. Tulikuwa watu tisa sebuleni kwa rafiki yangu Mkongo wa Bukavu, tumetoka kazini, sambusa mezani, nje baridi ya kukata masikio. Detroit Lions wanacheza na Los Angeles Rams, mechi ya mtoano, ukifungwa msimu umekwisha. Jirani wa mwenyeji wetu, mzee wa Kimarekani aliyezaliwa na kukulia Michigan, alikaa kiti cha pembeni na kofia ya Lions iliyopauka mpaka bluu yake ikawa kijivu. Sambusa hakugusa. Filimbi ya mwisho ilipolia, Detroit 24, Rams 23, sisi tuliruka mpaka meza ikasogea. Yeye alivua ile kofia, akajifunika uso, nikaona mabega yanatikisika.

Mara ya mwisho timu yake kushinda mechi ya mtoano ilikuwa Januari 1992. Miaka 32. Na kabla ya hapo ilikuwa 1957.

Sasa msimu wa 2021 hao hao Lions walishinda mechi 3 kati ya 17. Walitokaje huko kufika hapo kwa miaka miwili? Nikijibu hilo nitakuwa nimeeleza ligi nzima.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo shina lilipo. Kwenye mpira wetu wa miguu tunajua mzunguko wenyewe: jiji kubwa lina mashabiki wengi, mashabiki wanaleta pesa, pesa inasajili, usajili unaleta kombe, kombe linaleta mashabiki wengine. NFL waliukata mzunguko huo mwaka 1961. Kamishna wa ligi alikuwa Pete Rozelle, aliyechaguliwa 1960 akiwa na miaka 33. Aliwaendea wamiliki wa timu za majiji makubwa, New York, Chicago na Los Angeles, akawaomba jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angelikataa mlangoni: acheni kuuza matangazo ya televisheni kila mtu kivyake, tuuze kwa pamoja, tugawane sawasawa. Familia ya Mara, wenye New York Giants, ndio waliokuwa na soko nono kuliko wote. Wakakubali. Mahakama ikaja ikasema kuuza kwa pamoja ni kuvunja sheria ya ushindani wa biashara, basi wakaenda Bungeni, ikatungwa sheria maalumu ya matangazo ya michezo, na Rais Kennedy akaisaini tarehe 30 Septemba 1961. Mkataba uliofuata na kituo cha televisheni cha CBS ulikuwa dola milioni 4.65 kwa mwaka. Timu zilikuwa 14, kila moja ikapata kama dola 332,000.

Leo timu ni 32, na mikataba ya matangazo iliyosainiwa 2021 inatajwa kuwa na thamani ya takribani dola bilioni 110 kwa miaka 11. Bado wanagawana vilevile.

Tazameni Green Bay Packers. Green Bay ni mji wa watu kama 107,000. Manispaa ya Tabora ina watu zaidi ya mara mbili ya hao. Timu haina tajiri, inamilikiwa na wananchi zaidi ya laki tano wenye hisa, na hisa zenyewe hazina gawio. Kwa kuwa ni mali ya umma, kila mwaka hutoa hesabu zao hadharani, na hapo sisi wengine tunachungulia chungu cha ligi nzima: kwa msimu wa 2024 kila timu ilipata dola milioni 432.6 kutoka kwenye mapato ya pamoja. Dallas wamepata hizo. New York hizo. Green Bay, mji ambao Jumapili ya mechi uwanja unameza karibu watu 80,000, hizo hizo. Miaka ya 1920 ligi ilijaa timu za miji midogo kama hiyo, zikafa au zikahama moja moja. Hata Lions wenyewe walianza Portsmouth, Ohio, wakahamia Detroit 1934. Green Bay ndio waliosalia.

Kugawana mapato pekee hakutoshi, maana tajiri anaweza kutoboa mfuko wake binafsi. Ndiyo maana mwaka 1994 wakaweka kikomo cha mishahara. Mwaka ule kilikuwa dola milioni 34.6 kwa timu. Mwaka 2025 kimefika milioni 279.2. Huruhusiwi kukipita, hata kama unamiliki visima vya mafuta. Na kuna sakafu pia: huwezi kukaa juu ya pesa za televisheni ukachezesha watoto wa bei rahisi, ni lazima kwa kipindi cha miaka kadhaa utumie angalau asilimia 90 ya kikomo.

Halafu inakuja drafti. Si ile ya vizibo vya soda pale barazani. Hii ni shughuli ya kila mwaka ambapo timu zote huchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, na foleni inapangwa kinyumenyume: aliyeshika mkia anachagua wa kwanza, bingwa anachagua wa 32. Duru saba hivyohivyo. Wazo ni la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles enzi ambazo Eagles walikuwa wanafungwa na kila anayepita. Kila akimfuata kijana mzuri, timu zenye fedha zimeshamuwahi. Wenzake walikubali 1935, na drafti ya kwanza ikafanyika hotelini Philadelphia tarehe 8 Februari 1936, majina 90 yameandikwa ubaoni. Eagles walikuwa wa mwisho, wakawa wa kwanza kuchagua. Wakamtaja Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mchezaji bora wa vyuo mwaka ule. Hakucheza NFL hata dakika moja! Mshahara haukumshawishi, akaenda zake kufanya kazi nyingine.

Matokeo ya haya yote yanaonekana. Tangu 1990, kila msimu bila kukosa, angalau timu nne zinaingia mtoano ambazo mwaka uliotangulia hazikuwemo. Hakuna timu iliyowahi kuchukua Super Bowl tatu mfululizo. Rams walitoka kushinda mechi 4 msimu wa 1998 wakawa mabingwa 1999. Patriots walishinda 5 mwaka 2000, wakawa mabingwa 2001.

Kisa cha Detroit nitakirudia, vidole vimechoka. Naomba kuwasilisha kwa sasa.

#2 Fundi Saa

Mkuu, shusha vitu. Swali langu ni moja. Hicho kikomo cha mishahara, kweli matajiri wanakiheshimu? Nimesikia timu inamlipa mchezaji mmoja milioni 50 kwa mwaka. Wachezaji wako zaidi ya 50 kikosini. Hesabu inakubali vipi?

#3 Kaka Michigan (mleta mada)

Mkuu Fundi, hilo ndilo swali lenyewe. Kukipita hawawezi, kuahirisha wanaweza. Nikupe mfano uuone kwa macho.

Timu inamsajili mchezaji miaka 5, inampa dola milioni 50 za kusaini. Pesa anaondoka nayo siku hiyo. Lakini kwenye daftari la kikomo haiandikwi milioni 50, inaandikwa 10 kila mwaka kwa miaka mitano. Mwaka huu umepumua. Sasa mchezaji akichuja, ukamwacha baada ya miaka miwili, zile milioni 30 ambazo hazijaandikwa zinakuangukia, na mtu mwenyewe hayupo uwanjani. Wenyewe wanaziita pesa mfu. Ni kama kulipa kodi ya nyumba uliyokwisha kuhama.

Denver Broncos walimwacha Russell Wilson Machi 2024. Pesa mfu: dola milioni 85, wakazibeba kwa misimu miwili. Kila mtu akasema Denver kaburini. Mwezi uliofuata wakamchukua Bo Nix kwenye drafti, chaguo la 12, wakamaliza na ushindi 10 wakaingia mtoano.

Wameponaje? Kwa sababu Bo Nix ni kwotabeki kijana, na kwotabeki kijana ndiye bidhaa ya thamani kuliko zote kwenye ligi hii. Kwa wageni: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi, anasoma ukuta wa adui kwa sekunde mbili tatu, na kuamua urushwe wapi. Ukiwa naye mzuri una timu. Ukikosa, hata ukuta wa malaika hautakufikisha mbali.

Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78, kabla hajarusha hata mpira mmoja wa kulipwa. Timu mbovu ikikosea chaguo la namna hiyo, ilikuwa inalizwa miaka. Yaani zawadi ya kushika mkia iligeuka adhabu. Mkataba mpya wa 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji ukabadilisha: Cam Newton, chaguo la kwanza mwaka huo, akasaini miaka minne kwa milioni 22. Tangu hapo ukimpata kijana anayejua, kwa miaka minne unabaki na mamilioni ya kununua ukuta, walinzi, wakimbiaji. San Francisco walifika Super Bowl ya Februari 2024 na Brock Purdy, kijana aliyechaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa katika drafti ya 2022. Mshahara wake haukufika dola milioni 1 kwa mwaka. Mwaka 2025 wakamsainisha milioni 265 kwa miaka mitano. Sasa hao milioni 50 uliowasikia ndio hawa. Na sasa San Francisco nao wanaingia kwenye hesabu ngumu, ni lazima wauze na kuacha watu. Bingwa anaposhiba tu, anaanza kuuza vyombo.

#4 Mtoto wa Ilala

Nafuatilia kimyakimya. Huku kwetu tangu msimu wa 2017/18 hadi 2024/25 bingwa ni Simba mara nne, kisha Yanga mara nne. Hatuwezi kuiga hii?

#5 Kaka Michigan (mleta mada)

Kaka, sehemu ya kugawana pesa za televisheni inaigika. Drafti haiigiki, kwa sababu NFL haina kushuka daraja. Timu 32 ni zile zile, wamiliki ni wabia wa biashara moja. Ndiyo maana wa mwisho anaweza kupewa zawadi badala ya kuteremshwa. Nisitoke nje ya mada, uzi wa Ligi Kuu upo, tukutane huko.

#6 Mama Zawadi

Kaka Michigan, umeandika vizuri, lakini naona umetuonyesha upande uliofuliwa tu. Mimi nipo Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja. Wanangu wamenifanya shabiki wa Cleveland Browns kwa nguvu. Nikuhesabie.

Msimu wa 2016 Browns walishinda mechi moja. Msimu wa 2017 hawakushinda hata moja, 0–16. Miaka yote miwili walipewa chaguo la kwanza. Zawadi juu ya zawadi. 2022 wakatoa chaguo tatu za duru ya kwanza pamoja na nyingine wampate kwotabeki Deshaun Watson, wakampa dola milioni 230 zilizodhaminiwa zote, hata senti moja hairudi. Matunda yake tumeyaona. Mwanangu wa kwanza alizaliwa Marekani, hajawahi kuiona timu yake Super Bowl, na wala babu wa jirani yetu hajaiona. Browns, Lions, Texans na Jaguars hawajawahi kufika Super Bowl hata mara moja, na timu 12 hazijawahi kuichukua. Katika ligi ya usawa?

Na ngoja, kuna hili. Kutoka msimu wa 2003 hadi 2018, misimu 16, upande wa AFC, mmoja wa pande mbili za ligi ambazo mabingwa wake hukutana Super Bowl, ulipeleka makwotabeki wangapi huko? Wanne. Tom Brady mara 8, Peyton Manning mara 4, Ben Roethlisberger mara 3, na Joe Flacco mara moja. Halafu akaja Patrick Mahomes, kati ya misimu sita iliyofuata akaenda mara 5. Hizi ni nyumba za kifalme, kaka. Mimi kama mama niliyeketi na mtoto analia Jumapili kwa Jumapili, naomba unieleze hiyo mizani iko wapi.

#7 Fundi Saa

Dada amekuja na hesabu kamili. Mleta mada njoo ujibu.

#8 Kaka Michigan (mleta mada)

Dada Mama Zawadi, shikamoo ya heshima kwa takwimu hizo. Kila namba uliyoweka ni sahihi, na sitaizunguka.

Lakini tazama na upande wa pili wa ligi hiyohiyo, NFC. Kuanzia msimu wa 2001 hadi 2010, misimu kumi, NFC ilipeleka Super Bowl timu kumi tofauti. Rams, Buccaneers, Panthers, Eagles, Seahawks, Bears, Giants, Cardinals, Saints, Packers. Hakuna iliyorudia. Sheria ni zile zile, kikomo ni kile kile, drafti ni ile ile. Tofauti ni kwamba AFC walikuwepo watu watatu wa ajabu kwa wakati mmoja.

Na huyo Brady alipatikanaje? Drafti ya 2000, chaguo la 199, duru ya sita. Kila timu ilimpita mara kadhaa, na Patriots wenyewe, waliomchukua mwishoni, walimpita. Hakununuliwa. Hilo kwangu ndilo kubwa: hata utawala uliodumu kuliko wote katika ligi hii haukujengwa kwa mfuko mnene. Ulijengwa kwa kuona ambacho wengine hawakukiona, pamoja na kocha Bill Belichick ambaye alikuwa tayari kumwacha mchezaji anayependwa mwaka mmoja kabla hajachuja.

Kwa hiyo msimamo wangu, na hapa nasimama kwa miguu miwili: NFL imegawa pesa sawa, imegawa nafasi kwa upendeleo wa mnyonge, lakini akili za ofisini haijaweza kuzigawa na haitaweza. Na kwa kuwa mengine yote yamesawazishwa, akili za ofisini zinaonekana uchi kuliko katika ligi nyingine yoyote. Tajiri hana pa kujificha.

Hapo ndipo kinakuja kisa cha Detroit nilichoahidi. Dada, nakiandika nikiwafikiria wanao.

Lions hawakukosa zawadi. Walipewa mpaka zikaoza. Drafti ya 2003 walichagua wa pili, wakachukua mpokea pasi. 2004 wa saba, mpokea pasi. 2005 wa kumi, mpokea pasi tena. Miaka mitatu mfululizo! 2007 chaguo la pili, mpokea pasi wa nne, na huyu angalau alikuwa Calvin Johnson, mmoja wa bora waliowahi kucheza nafasi hiyo. Hakuna wa kumrushia, hakuna ukuta wa kumlinda mrushaji. Msimu wa 2008: 0–16, wa kwanza kufanya hivyo tangu msimu uwe wa mechi 16. Wakamchukua Matthew Stafford, chaguo la kwanza 2009, kwotabeki wa kweli, mkono wa chuma. Amekaa misimu 12. Mechi za mtoano alizoshinda Detroit: hakuna.

Januari 2021 wakaajiri meneja mkuu Brad Holmes, aliyekuwa akisimamia kusaka vijana wa vyuo kule Rams, na kocha Dan Campbell. Mwezi huohuo wakakubaliana na Rams: chukueni Stafford, tupeni kwotabeki wenu Jared Goff mnayemwona mzigo, pamoja na chaguo mbili za duru ya kwanza na moja ya duru ya tatu. Wengi walisema Detroit wamelaliwa. Februari 2022 Stafford akabeba Super Bowl na Rams, maneno yakazidi.

Sasa tazama foleni inavyofanya kazi. Rams walipokuwa mabingwa, chaguo lao lililokuja Detroit likawa la 32, la mwisho katika duru. Holmes akaliunganisha na mengine, akapanda hadi la 12, akamchukua Jameson Williams. Lakini Rams walikuwa wametumia kesho yao yote kununua leo. Msimu uliofuata wakashinda 5 wakafungwa 12, wakiwa mabingwa watetezi. Chaguo lao la pili lililokuja Detroit likawa la 6! Holmes akalipeleka Arizona, akashuka hadi la 12 kwa nyongeza, akamchukua Jahmyr Gibbs, na kwa chaguo la 34 lililotoka humohumo akampata Sam LaPorta. Zawadi yake mwenyewe ya kushika mkia, chaguo la 2 mwaka 2022, ikawa Aidan Hutchinson, kijana wa hapa hapa Michigan. Amon-Ra St. Brown alimwokota wa 112.

Ndipo ile Jumapili ya tarehe 14 Januari 2024. Anayekuja kucheza Detroit ni nani? Stafford, na jezi ya Rams. Anayemsubiri ni nani? Goff, yule mzigo. Dakika za mwisho Goff alimrushia St. Brown pasi ya kumaliza kazi, kisha akapiga goti muda uishe, na uwanja mzima ukawa unaimba jina lake. Yule mzee wa kofia ya kijivu alikuwa anaangalia miaka 32 ikilipwa kwa fedha ya mtu aliyefukuzwa na Rams.

Wiki iliyofuata wakamfunga Tampa Bay 31–23. Kisha fainali ya NFC kule San Francisco, mapumziko wanaongoza 24–7, wakafungwa 34–31. Hiyo sitaieleza, bado kidonda.

#9 Mama Zawadi

Nimesoma mara mbili. Mwanangu wa kidato cha kwanza amenisomea hayo majina ya drafti bila kuangalia simu, nikagundua kumbe alikuwa anajua yote haya. Bado nina neno moja. Kama mkia unalipwa, kwa nini timu isijifungishe makusudi?

#10 Kaka Michigan (mleta mada)

Wamiliki na mameneja wanaweza kutamani, na tuhuma zimewahi kuwepo. Kinachozuia ni wachezaji. Mchezaji wa NFL hana muda wa kupoteza, miili yao haidumu kwenye ligi, na mikataba mingi haijadhaminiwa yote. Umwambie mtu ajifungishe ili mwaka kesho aletwe kijana wa kumnyang'anya namba? Hakubali. Kocha naye akifungwa mechi 14 anafukuzwa, hiyo drafti atailia nani?

#11 Bukoba Mjini

Niongeze kitu ambacho watu wa ukanda wetu wengi hawakijui. Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, mjukuu wake alicheza NFL. Mathias Kiwanuka, alizaliwa Indianapolis. Drafti ya 2006 alichukuliwa na New York Giants chaguo la 32, lile la bingwa. Pittsburgh Steelers ndio waliokuwa mabingwa, wakabadilishana na Giants ili wapande hadi la 25. Februari 2008 Giants wakawafunga Patriots 17–14, Patriots ambao hawakuwa wamefungwa mechi hata moja msimu mzima. Kiwanuka alikuwa ameumia mguu, hakucheza siku hiyo. Februari 2012 walirudi kuwafunga Patriots walewale 21–17, safari hii yumo uwanjani. Na Giants msimu ule walikuwa 9–7 tu!

#12 Msafiri wa Voi

Hongera Bukoba. Na sisi Kenya tulikuwa na Daniel Adongo, mchezaji wa raga, Indianapolis Colts walimchukua 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL.

Lakini mimi hii drafti inanikera, acheni niseme wazi. Kijana wa miaka 22 amesoma, ana kipaji, halafu anaambiwa utafanya kazi Cleveland kwa sababu Cleveland walifungwa sana. Hakuchagua mji, hakuchagua mwajiri, mshahara umeshapangwa kwenye jedwali. Mhandisi au daktari angekubali? Mnaita usawa, lakini ni usawa wa wamiliki.

#13 Kaka Michigan (mleta mada)

Ndugu Msafiri, hapo hatubishani. Usawa wa timu umelipiwa na wachezaji, na ni vizuri kusema hivyo kwa sauti.

Wapo waliokataa. Bo Jackson alichaguliwa wa kwanza na Tampa Bay 1986, akagoma, akaenda kucheza besiboli Kansas City. Eli Manning 2004 alisema mapema hataki San Diego, wakamchagua hivyohivyo, wakalazimika kumpeleka Giants. Hao walikuwa na majina makubwa. Kijana wa duru ya tano hana ubavu huo.

Na kuhama timu mkataba ukiisha kulikuja kwa kesi. Wachezaji walishinda mahakamani 1992, na 1993 milango ikafunguliwa kwa mchezaji huru. Watu wakasema sasa nyota wote watakimbilia New York na Los Angeles. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote sokoni mwaka ule, Reggie White, akaenda wapi? Green Bay. Miaka minne, dola milioni 17, na msimu wa 1996 wakachukua Super Bowl. Kikomo cha mishahara kiliingia mwaka mmoja baadaye kama sehemu ya mapatano: nyie mpate uhuru wa kuhama, sisi tupate dari. Leo chama cha wachezaji kimefunga asilimia isiyopungua 48 ya mapato. Mimi ningependa iwe zaidi, na ningependa miaka ya mkataba wa kwanza ipunguzwe, maana wapo wanaovunjika kabla hawajafika mkataba wa pili, na hao ndio waliobeba mizani yote mabegani.

#14 Mtoto wa Ilala

Swali la mwisho mkuu. Detroit baada ya hapo?

#15 Kaka Michigan (mleta mada)

Msimu wa 2024 walishinda 15 wakafungwa 2. Wakaanza mtoano nyumbani, na waliokuja walikuwa Washington Commanders. Msimu wa 2023 Washington walikuwa wameshinda mechi 4 tu. Kwa mkia huo wakapata chaguo la 2, wakamchukua kwotabeki Jayden Daniels. Kijana wa mwaka wa kwanza, mshahara wa jedwali. Akaingia Detroit akawapiga 45–31.

Foleni ileile iliyotuletea Hutchinson ndiyo iliyowaletea wao Daniels. Iliniuma usiku mzima. Asubuhi nilipita kwa yule mzee, alikuwa anafagia theluji mlangoni, kofia kichwani.

#16 Mama Zawadi

Wanangu wanauliza kama mwaka huu tutaangalia Lions sikukuu ya Shukrani, na binamu zao wa Tanga wanataka kuamka nao. Ni saa ngapi kwa saa za nyumbani?

#17 Kaka Michigan (mleta mada)

Hawana haja ya kuamka, dada. Alhamisi ya nne ya Novemba, Lions wanacheza nyumbani Detroit kila mwaka, desturi ya tangu 1934, iliyokatika kidogo tu miaka ya vita. Mechi inachezwa mchana hapa; mwaka 2025 ilianza saa saba, ambayo Tanga ni saa tatu usiku. Waambie wale mapema, robo ya kwanza Goff huwa anaanza polepole.